Meza ya puli na puli ya simu: ipi ni biashara?

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupiga picha bidhaa. Nataka tubishane kidogo kuhusu puli.

Kuna maneno yanazunguka kati yetu wauzaji wa huku, kuanzia Kayanga na Omurushaka mpaka Nkwenda na Murongo, kwamba meza ya puli imekufa. Hoja yenyewe ni kwamba vijana wana simu janja, wanacheza 8 Ball Pool wakiwa wamelala kitandani, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo mwenye meza aiuze, hela aingize kwenye kuuza koini za huo mchezo mtandaoni. Mimi nina meza moja kwenye baraza la duka langu, na nimeshapata mtu anayeitaka. Msimu wa kahawa unakaribia, hela inaingia mitaani, kwa hiyo ni ama niiuze sasa ama niibadilishie kitambaa. Msimamo wangu ni kwamba siuzi. Na sababu zangu ni za hela, siyo mapenzi ya mchezo.

Kwanza simu tuipe haki yake. 8 Ball Pool ya kampuni ya Miniclip ilianza mtandaoni 2010, ikaingia kwenye simu 2013, na ule mstari wake unaokuonyesha mpira utaelekea wapi umewafundisha watu pembe. Wapo wanaokuja kwangu hawajawahi kushika fimbo, lakini wanajua kabisa mpira ugongwe wapi ili uingie shimo la katikati. Wanachokosa ni mkono tu. Simu haina foleni wala mlevi wa kukuegemea bega unapolenga. Na haikuletei maneno ya mtaani. Mnakumbuka 2016 Rais Magufuli alivyowakemea vijana wanaocheza puli asubuhi saa za kazi. Hadi leo meza ikiwa na watu saa tatu asubuhi, wazee wakipita wanatikisa kichwa. Anayecheza kwenye simu muda huohuo, amekaa ndani ya migomba, nani atamwona?

Ila sasa angalia simu imeondoa nini.

Kitambaa cha simu hakichakai. Meza yake imelala sawasawa siku zote, raba za pembeni zinarudisha mpira kwa nguvu ileile, kwa kila mtu. Yangu siyo hivyo. Sakafu ya baraza imeshuka kidogo upande wa barabara, kwa hiyo mpira ukienda polepole kwenye kona ya mlangoni unakunja mwishoni kabisa. Raba ya upande wa ukutani imechoka, unapiga kwa nguvu inarudisha kinyonge. Kitambaa kina alama pale mpira mweupe unapowekwa kuanzia. Kiangazi vumbi linapunguza mwendo, masika unyevu nao unafanya ya kwake. Mgeni akija anakosa mipira mitatu, anasema meza mbovu, wenyeji wanacheka. Nilipowaambia nataka kuweka vibao chini ya miguu ili ilale sawa, walionipinga ni walewale wanaocheza kila siku! Walishajifunza kona yao, hawataki niwaharibie.

Hapo ndipo penye hela. Mtu anayeijua meza yangu ujuzi wake uko kwangu. Akienda kucheza Bugene anaanza upya, huku anarudi kama mtu anarudi nyumbani. Kwangu mchezo mmoja ni shilingi 300 na anayefungwa ndiye analipa. Jumamosi ikipigwa michezo 30, hiyo ni 9,000 ya meza peke yake. Bado kuna wale waliosimama kuangalia, hawachezi lakini wananunua soda, karanga, vocha. Kwenye simu aliyefungwa anazima skrini, basi. Mpinzani wake hajulikani yuko nchi gani, na hakuna aliyesimama nyuma yake ananunua soda.

Isionekane nadharau vitu vya kuiga. Hata mipira yenyewe ya puli ni ya kuiga. Zamani mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake. Karagwe yetu ilikuwa kwenye njia hiyo. Karne ya 19, enzi za Mtawala Rumanyika, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na pembe zilibebwa kupitia Tabora mpaka Zanzibar. Kisha miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi Marekani ikaahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala, maana pembe ilikuwa ghali na ilipasuka hali ya hewa ikibadilika. Watu wakahangaika na plastiki mpaka ikakubali. Leo mipira ni ya plastiki ngumu, kama ile ya Aramith ya Ubelgiji, na hakuna anayeulizia pembe. Mpira wa kuiga ulishinda kwa sababu ulibeba vile vitu mkono unavyovitaka, yaani uzito, mviringo na mrudisho. Puli ya simu imebeba picha na hesabu. Mkono imeuacha.

Kama ulipitia kompyuta zenye Windows XP, hata shuleni, huenda ulicheza ule mchezo wa mpira wa fedha unaorushwa juu unagonga taa, pinball. Mashine yake halisi mimi sijawahi kuigusa, nimeishia hiyo ya kompyuta kama wengi wetu. Lakini kwenye mashine halisi mchezaji anaisukuma kwa mikono na nyonga ili mpira ubadili njia, na akizidisha mashine inamgomea, mpira unapotea. Kwenye kompyuta kusukuma kuligeuzwa kuwa kubonyeza kitufe. Ni mambo yaleyale ya puli, kinachohitaji mwili kinageuka kidole.

Hao wa pinball nimewataja kwa sababu nyingine pia, na hii inawahusu wanaotaka kuuza koini. Kampuni ya Williams ya Marekani iliacha kutengeneza mashine hizo 1999, lakini zilizopo bado zinachezwa kwa sababu mafundi wanabadilisha taa, raba na nyaya. Upande wa pili kulikuwa na mchezo wa kidijitali unaitwa The Pinball Arcade, uliokuwa na nakala za mashine hizohizo za Williams na Bally. Mwaka 2018 leseni ilipoisha, nakala hizo zikaondolewa sokoni mwisho wa Juni. Waliokwisha kununua walibaki nazo, ila aliyechelewa hakuzipata tena pale. Mashine ya chuma ya miaka ya 90 ipo inauzwa, nakala yake ndiyo ikatoka dukani kwa sababu ya makaratasi.

Koini za 8 Ball Pool nazo ziko kwenye seva za kampuni, siyo kwenye kabati lako. Masharti ya Miniclip yanakataza kuuziana koini na akaunti kwa hela, na akaunti inaweza kufungwa. Mteja wa Isingiro akishakutumia hela, kesho akaunti ikafungwa, utamrudishia nini? Bidhaa huna, risiti ya jumla huna, na huwezi kwenda kulalamika kwa mtu, maana kosa ni la kwenu wawili. Hata fimbo za mle ndani zina chaji, ikiisha unalipa koini tena. Fimbo yangu ikibanduka ncha naibandika nyingine kwa gundi, kesho yake inapiga.

Na hapo kwenye ncha ndipo mimi ningeweka hela ya mtandaoni. Kila meza iliyopo Karagwe na Kyerwa inachakaa. Inataka ncha, chaki, fimbo, raba za pembeni, kitambaa, mipira ya kuziba iliyopotea. Mwenye meza kijijini hana muda wa kufunga duka aende Bukoba kutafuta ncha za fimbo. Atapiga picha, atatuma WhatsApp, atalipa kwa simu, mzigo unapanda boda au Noah unamfikia. Chaki ni nyepesi, haiozi, haina saizi ya kukosea.

Mipira ndiyo uwe makini nayo. Kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe unatofautishwa na mingine, kwa ukubwa au kwa sumaku ya ndani, ili ukiingia shimoni urudi peke yake badala ya kufungiwa na mingine. Ukimuuzia mtu mweupe wa aina nyingine, kila ukizama itabidi atie sarafu kuutoa. Kwa hiyo kabla hujapokea hela mwambie apime mpira wake kwa rula na akutumie picha, halafu umuulize meza yake inaurudishaje.

Anayeuza meza iliyotumika asitume picha tu. Picha ya meza inafanana na meza ya kwenye simu, yote ni kijani. Tuma video, weka pima maji juu ya kitambaa, halafu viringisha mpira polepole kutoka kona moja mpaka nyingine bila kukata. Ukikunja, uache ukunje mnunuzi aone, na bei iendane na hicho alichokiona.