Kitabu si Mgeni Nyumbani Mwetu

Hapa Bujumbura ungali unasikika usemi kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mitaa ya Buyenzi na Bwiza, isiyostahili kukaa darasani karibu na Kirundi safi. Mwalimu asemaye hivyo hushika mkononi hoja impingayo: igitabo.

Asili ya neno hilo haina ubishi. Ni kitab la Kiarabu, lenye mzizi k-t-b, yaani kuandika. Limeenea katika lugha zisizo na udugu na Kiarabu: Kituruki, Kiajemi, Kiurdu, Kimalei. Wala maana yake haikubaki moja. Kwa Mturuki, kitap ni kitabu chochote kile. Kwa Mmalei, kitab ni hasa kitabu cha dini. Kila taifa lilipokea neno, likaamua lenyewe litumike vipi.

Waswahili nao hawakulitunza kama amana ya mwenyewe. Waliisikia ki ya mwanzo, wakaitia katika ngeli yao: kitabu, vitabu. Mwarabu husema kutub. Kirundi kikalipokea kupitia Kiswahili, kikalifinyanga upya. Kiambishi iki- hugeuka igi- mbele ya sauti t, kwa kanuni ileile ituzaliayo igiti, yaani mti. Hivyo tukapata igitabo na ibitabo. Na kijitabu kikawa agatabo, ambamo ile ki ya Kiarabu imetupwa kabisa!

Basi yako wapi madai ya wale wasemao kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika? Na u wapi usafi wa Kirundi unaodaiwa kuchafuliwa? Lugha hupimwa kwa sarufi yake, si kwa kuhesabu maneno iliyoyapokea. Lugha inayokopa na kutia kilichokopwa chini ya sheria zake haijatawaliwa, imetawala.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ni aibu, baada ya hapo, mtoto wa Buyenzi kuambiwa aiache lugha ya nyumbani kwao mlangoni mwa shule, kana kwamba ni matope miguuni. Anayemwambia hivyo hatetei Kirundi. Anamfunga mtoto ulimi, na kuficha historia ya Kirundi chenyewe.

Walimu wenzangu, tuandike ubaoni kitabu na igitabo bega kwa bega. Tuwaulize wanafunzi wazione kanuni kwa macho yao. Somo hilo moja litavunja dharau ambayo hotuba mia hazijaivunja.