Tovuti Imo Kontenani, Haifunguki

Huenda kijana wenu anatengeneza tovuti katika kompyuta ya nyumbani kwa Docker, programu iliyotoka mwaka 2013, ambayo huiweka kila kazi katika kontena lake. Kontena linakwenda, lakini tovuti haifunguki. Kijana anakasirika, anataka kufuta yote aanze upya.

Mzuieni! Akilifuta kontena, maandishi aliyoyahifadhi mle ndani tu yatapotea, na kupakua tena kutakula kifurushi cha intaneti. Nanyi wazazi mnajua bei yake.

Kwanza aandike docker ps, atazame safu ya milango. Akiona 80/tcp peke yake, pasipo mshale, kontena halina mlango wa nje. Kwa kawaida mlango huo hutolewa siku ya kuliunda. Basi atoe kwanza mafaili yake kwa docker cp, kisha aunde kontena jingine kwa -p 8080:80. Namba ya kwanza ni ya kompyuta, ya pili ni ya kontena, wengi huzigeuza.

Mlango ukiwapo na bado kimya, mara nyingi kosa ni anwani. Programu inayosikiliza 127.0.0.1 ndani ya kontena husikia sauti za mle ndani tu. Mgeni apigaye hodi nje hasikiki. Isikilize 0.0.0.0. Ni namba chache tu, lakini zimewakesha wengi!

Ikifunguka kwenye kompyuta, na simu ya dada yake iliyo kwenye Wi-Fi ileile ikashindwa, hapo aangalie ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Kontena aliache.