Maadili ya kampuni hayapimwi kwa hojaji

Leo naacha kando mambo ya seva na hifadhidata nigusie jambo ambalo limenikaa kooni kwa muda. Ikiwa umewahi kusoma shahada ya uzamili ya biashara hapa Kenya, au una ndugu aliyesoma, utakuwa umekutana na tasnifu yenye kichwa kama hiki: athari za utawala wa kampuni kwa matokeo ya kifedha ya makampuni yaliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ziko nyingi ajabu, na njia ni ile ile. Unahesabu wakurugenzi wa bodi, wangapi wametoka nje ya kampuni, wangapi ni wanawake, kamati ya ukaguzi ilikutana mara ngapi. Unachukua faida unaigawanya kwa mali. Unamimina yote kwenye programu ya takwimu, kisha unaandika sura ya tano.

Kama mada ni maadili au wajibu kwa jamii, hapo unagawa hojaji. "Kampuni yetu huheshimu maadili ya biashara: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa." Anayejaza ni meneja wa kampuni hiyo hiyo, mchana, mkubwa wake akiwa ofisi ya pili. Sasa niambie wewe, ataweka alama wapi?

Si kwamba naidharau fani yenyewe. Ina fikra nzito. Mwaka 1976 Jensen na Meckling walieleza vizuri sana gharama inayotokea pale mtu anapoendesha mali ambayo si yake. Milton Friedman naye, mwaka 1970, aliandika katika jarida la New York Times kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida bila kuvunja kanuni za mchezo, na Edward Freeman mwaka 1984 akaja na kitabu kinachosema hapana, kuna wafanyakazi, wateja, majirani, wote hao wana haki ya kufikiriwa. Mvutano huo umefika mpaka kwenye sheria zetu. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 kinamtaka mkurugenzi aitafutie kampuni mafanikio kwa faida ya wenyehisa, lakini azingatie pia wafanyakazi, jamii na mazingira. Kwa hivyo hoja zipo. Kinachonisumbua ni kipimo. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba jaribio linalouliza programu "je, unafanya kazi vizuri?" na kuandika jibu lake si jaribio.

Nichukue mfano mmoja ambao kila mwanaprogramu angepaswa kuujua, ule wa Volkswagen.

Tarehe 10 Septemba 2015 faharasa ya uendelevu ya Dow Jones ilitangaza kwamba Volkswagen ndiyo kinara wa dunia kati ya watengenezaji magari. Faharasa hiyo hutegemea sana majibu ambayo kampuni yenyewe imejaza, pamoja na ripoti zake. Hojaji tena, ila hii imevaa suti. Siku nane baadaye, tarehe 18, shirika la Marekani la kulinda mazingira likatoa notisi kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Ilikuja kujulikana kwamba ni magari yapata milioni 11 duniani kote. Mapema Oktoba kinara akaondolewa kwenye faharasa.

Waliosababisha haya ni watafiti wa chuo kikuu, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Katika Chuo Kikuu cha West Virginia kulikuwa na kikundi kidogo cha wahandisi. Mwaka 2013, kwa kandarasi ya shirika moja lisilo la kibiashara linaloshughulikia usafiri safi, walichukua magari matatu ya dizeli, wakafunga mitambo ya kupima hewa nyuma ya gari, wakachomeka bomba la kipimo kwenye bomba la moshi, wakaingia barabarani na jenereta yao. Passat waliiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Waliowatuma hawakuwa wakiwinda mwizi. Walitarajia kuonyesha kwamba dizeli safi inawezekana. Kumbe Jetta ilikuwa ikitoa oksaidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa, na Passat mara 5 hadi 20. Gari la tatu, la BMW, kwa sehemu kubwa lilikuwa sawa, kwa hivyo mtu hangeweza kusema mitambo ndiyo mibovu. Matokeo yalitoka Mei 2014. Kampuni ilizungusha maneno zaidi ya mwaka mzima, ikarudisha magari gereji ati kurekebisha programu, mpaka Septemba 2015 ikakiri.

Hakuna mtu aliyeulizwa kama anakubali sana au anakubali kidogo.

Sasa fikiria mwanafunzi wetu wa uzamili angeipima Volkswagen ya 2014 kwa fomula yake. Bodi ya usimamizi ina watu 20, nusu wakichaguliwa na wafanyakazi. Jimbo la Lower Saxony lina asilimia 20 ya kura, kwa hivyo serikali imo ndani. Ripoti ya uendelevu ipo, nene, yenye picha za kijani. Ningeshangaa sana kama kuna safu hata moja ya jedwali lake ingewaka taa nyekundu. Uovu ulikuwa ndani ya kompyuta ya injini, na kompyuta ya injini haiandikwi kwenye ripoti ya mwaka.

Wasomi wenyewe wameanza kulisema hili. Berg, Kölbel na Rigobon walichapisha mwaka 2022 utafiti uliolinganisha mashirika sita yanayoyapa makampuni alama za mazingira, jamii na utawala. Uwiano wa alama hizo ulikuwa wastani wa 0.54 tu. Yaani kampuni ile ile, shirika hili linaisifu, lile linaishuku. Na asilimia 56 ya tofauti hiyo ilitokana na upimaji: wote wanasema wanapima jambo moja, ila kila mmoja na rula yake. Halafu mwanafunzi anachukua alama hizo, anaziita "wajibu kwa jamii", na anatafuta kama zinaongeza faida.

Kuna sababu nyingine ya mimi kulivalia njuga jambo hili, nayo inatuhusu sisi moja kwa moja. Oktoba 2015 mkuu wa Volkswagen tawi la Marekani aliposimama mbele ya kamati ya Bunge la huko, alisema kwa uelewa wake huo haukuwa uamuzi wa kampuni, ni wahandisi wawili watatu wa programu. Sikia hilo! Mhandisi James Liang alifungwa miezi 40 mwaka 2017. Mei 2025 mahakama ya Braunschweig, Ujerumani, iliwatia hatiani wengine wanne waliokuwa mameneja na wahandisi. Mkurugenzi mkuu wa wakati ule, Martin Winterkorn, kesi yake ilianza Septemba 2024 ikasimama kwa sababu ya afya yake. Sisemi waliohukumiwa walionewa. Nasema mtafiti asipochunguza amri ilipita njia gani kutoka juu hadi kwenye msimbo, fani nzima ya utawala wa kampuni inamwachia wakili wa kampuni aeleze.

Na inachunguzika. Mwaka 2017 watafiti wa Bochum na San Diego walikusanya zaidi ya matoleo 900 ya programu za kompyuta za injini, wakayapitia kwa mashine, wakakuta dalili za udanganyifu katika zaidi ya 400. Gari lilikuwa likilinganisha muda na umbali uliosafiriwa na mpangilio wa vipimo vya maabara, likiangalia pia kama usukani umegeuzwa. Nililolipenda, kama kupenda ndilo neno, ni jina. Sehemu hiyo ya programu ilipewa jina la mambo ya sauti, kana kwamba kazi yake ni kupunguza kelele za injini. Kila aliyewahi kusoma msimbo wa mtu mwingine anajua harufu hiyo. Jina likikataa kufanana na kazi, kuna mtu aliyetaka lisieleweke.

Tuje nyumbani. Hapa Kenya bomba letu la moshi ni programu za mikopo za simu. Kwa miaka mingi baadhi zilikuwa zikichota majina yote kwenye simu ya mkopaji, akichelewa kulipa wanampigia shangazi yake, mchungaji wake, mwajiri wake. Sheria ya Kulinda Data ilikuja 2019. Machi 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali, zinazokataza kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya mkopaji. Mwaka 2023 Google nayo ikazizuia programu za mikopo kwenye duka lake kufikia majina na picha. Je, zinatii? Ukigawa hojaji kwa maofisa wa kampuni hizo utapata "nakubali sana" kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya mwisho.

Lakini unaweza kuchukua simu kuukuu ya Android, laini mpya, ukaandika humo majina 50 ya watu wasiokuwepo, kila mmoja na namba ya kipekee. Unaweka programu, unakubali au unakataa ruhusa moja moja, na unapitisha mawasiliano yake yote kwenye kompyuta yako ili uone kinachotoka, kinakwenda wapi, na kama kinalingana na sera ya faragha iliyoandikwa kwenye tovuti. Baadhi zitagoma kuongea zikigundua kuna mtu katikati. Hilo nalo unaliandika. Unarudia baada ya kila toleo jipya, kwa miezi sita. Simu ni yako na data ni yako. Usiguse seva ya mtu, maana Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 haina mzaha, na mpitishe msimamizi wako pamoja na kamati ya maadili ya chuo kabla ya kuanza.

Kama kuna mwanafunzi wa biashara au wa tarakilishi anayetafuta mada, hii naitoa bure. Simu mbili kuukuu ninazo kabatini, na sehemu ya kunasa mawasiliano nitakusaidia kuipanga. Ile ya hojaji, utanisamehe.