Karakana ya Runinga Isiwe Chumba cha Kulala

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita bado wapo mafundi wanaofufua runinga za chogo majumbani mwao. Ufundi huo unastahili heshima: huwapatia watu kipato na huepusha vyombo visitupwe jalalani. Hoja yangu si kuupiga marufuku, bali kuutenganisha na mahali pa kulala na kupikia.

Waya wa kulehemu uliozoeleka huwa na bati na madini ya risasi. Moshi wake waweza kuchochea pumu. Mabaki yake hushika vidoleni, kisha huingia kinywani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo unaokua. Hata kioo cha runinga hizo kina risasi, na ndani yake umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki baada ya waya kuchomolewa.

Katika ukanda huu wa dhahabu, mchimbaji mdogo huulizwa kuhusu zebaki, fundi husahaulika. Wahudumu wenzangu, mtoto akiletwa na upungufu wa damu au akichelewa kuongea, ulizeni pia: nyumbani hufanyika kazi gani? Nawe fundi, lehemu penye hewa, mbali na watoto; nawa kwa sabuni kabla ya kula; wala usivunje kioo.