RUSHWA NA BEI YA MCHELE



Mwaka 2012 Zanzibar ilitunga Sheria ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi. Sheria ile ilimtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na Mtume wetu (S.A.W.) alikwishawalaani wote wawili karne nyingi kabla yake.

Basi sisi wenye maduka tusiwalaumu makarani peke yao. Tajiri atoaye "chai" ili mzigo wake upite bandarini hapotezi hata senti: huiongeza katika bei ya mchele, na mlipaji ni mjane anunuaye kibaba.

Tunaitaka Serikali iwashitaki wakubwa kama iwashitakivyo wadogo. Lakini ili dai letu liwe na nguvu, kila shilingi tuitoayo tuidai stakabadhi. Isiyo na stakabadhi tusiitoe.