Mambo ya Nyumbani: Picha Kabla ya Kwenda Kanisani

Mwaka mmoja tulialikwa katika nyumba ya arusi karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mpiga picha alipoona chumbani mna giza, akamwamuru bibi arusi atoke uani, naye hajapambwa bado. Binti akalia, kwa maana desturi yetu ni bibi arusi kusitirika hata awe tayari. Mama yake akasema kwa upole, “Mwanangu, tungoje kidogo, tumpambe.” Kijana akatii.

Kisha mama akamsimamisha binti mlangoni pa ua, penye mwanga mzuri, akamfunga shela huku mikono ikimtetemeka. Hapo picha ikapigwa. Nao wakawahi Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa tangu 1897 hata 1902.

Mama yule sasa ni marehemu. Picha aipendayo binti kuliko zote ni ile.

Basi, mpiga picha na abishe hodi, aombe ruhusa. Nanyi wenye arusi mwonyesheni mapema mahali penye mwanga. Picha huihifadhi heshima iliyopo. Isiyokuwapo haiwezi kuileta.