Usimwondoe shahidi mahali pake

Tuseme mtu analima shamba lake kando ya ziwa. Jembe lagonga kitu kigumu. Anainama, anafukua kwa mikono, anatoa chungu cha kale na msalaba mdogo wa shaba. Jioni anaviosha na kuviweka mezani, na majirani waja kuvitazama. Je, mtu huyu amepata? Naam, amepata chungu. Lakini amepoteza habari zake, na habari hizo zilikuwa na thamani kuliko chungu chenyewe.

Chungu kilichomo ardhini ni kama shahidi barazani. Kikiulizwa vizuri, chaweza kusema: nililala kimo hiki, chini ya udongo mweusi, karibu na mkono wa marehemu, pamoja na makaa haya. Kikiisha kung'olewa, kinakuwa bubu. Ndiyo maana wenye elimu iitwayo akiolojia hawatafuti vitu tu. Wanatafuta mahali pa vitu.

Tutazame mfano wa nchini kwetu. Huko Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, yako makaburi mengi ya watu wa kale. Jacques Nenquin alichimba huko mwaka 1957, na Jean Hiernaux pamoja na wenzake mwaka 1958. Zilionekana namna tatu za vyungu, na Nenquin alidhani kwamba, walau kwa sehemu, zilitumika wakati mmoja. Mwaka 1974 na 1975 Pierre de Maret alichimba tena Sanga na mahali pengine bondeni. Aliangalia kaburi lipi limekata kaburi jingine, kwa maana lile linalokata ndilo la baadaye. Tena vipande vikapimwa umri. Ikaonekana ya kuwa namna hizo zilifuatana: vyungu vya Kisale vilitangulia, tangu karne ya 8 hivi, na vingine vikafuata katika wakati uitwao wa Kabamba, tangu karne ya 14 hivi. Mahali pa vitu ndipo palipofunua mambo hayo.

Hata misalaba ya shaba yafundisha vivyo hivyo. Hiyo si misalaba ya Kikristo. Ilianza kusubuliwa karne nyingi kabla ya Injili kufika bondeni. Katika makaburi ya Kisale ni michache. Katika yale ya Kabamba yaonekana mara nyingi zaidi, na kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo na mingi, ikiwekwa karibu na mikono au kiuno cha marehemu. Kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Je, msalaba uliolala mezani kwa yule mkulima utatuambia hayo?

Kazi yenyewe ni ya saburi. Kwanza uwanja unapimwa na kugawanywa miraba kwa vigingi na kamba. Udongo unaondolewa tabaka kwa tabaka, kwa mwiko mdogo na brashi, kisha unachekechwa ili ushanga au mfupa wa samaki usipotee. Kwa kawaida tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Lakini watu wakichimba shimo, au panya wakitoboa njia, mpango huvurugika, na mchimbaji mwema hutambua hayo kwa rangi ya udongo. Kila kitu hupimwa kimo chake, huchorwa na kupigwa picha kabla ya kuondolewa, kisha hupewa namba. Haraka haraka haina baraka.

Kwa nini bidii hiyo yote? Kwa sababu udongo ule ule hauchimbwi mara mbili. Hata mtaalamu anaharibu kile anachokisoma. Asichokiandika siku ile hakitaandikwa tena. Hivyo wenye busara huacha sehemu bila kuiguza, ili wajukuu waje na vyombo bora. Tena makaburi yana wenyewe: wenyeji waombwe idhini kwanza, na mifupa ishikwe kwa heshima, maana ni ya watu.

Basi, enyi wazazi, jembe likigonga chungu cha kale, simameni. Msikivute wala msikioshe. Wekeni alama, hesabuni hatua kutoka mti au nyumba iliyo karibu, andikeni kimo, mkamwarifu chifu na mwalimu, habari ipate kufika kwenye jumba la makumbusho, kama lile la Lubumbashi. Wafundisheni na watoto wenu vivyo hivyo. Watu wale wa Kisale hawakutuachia vitabu. Waliyotuachia yamo udongoni. Tusiwafunge vinywa kwa ajili ya fedha ya siku moja.